Kadogo wa upande wetu, yeye pia ni mtoto

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Goma, siku ya jumatatu 12 Februari 2024

Tunajua kufika hapa leo haikuwa rahisi. Tangu wiki iliyopita barabara ya Sake imejaa watu wenye magodoro juu ya vichwa, watu na mbuzi zao, watoto wanashika kitenge cha mama ili wasipotee. Wengi kati yenu mumeacha wageni nyumbani, watu kumi na tano ndani ya vyumba viwili, na bado mumekuja. Aksanti sana.

Jumatano iliyopita sisi wote tulikuwa mbele ya televizyo. Leopards walikuwa Abidjan, nusu fainali na Côte d'Ivoire. Wakati wa wimbo wa taifa wachezaji wetu walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono wa pili wakaviweka kwa kichwa kama bunduki. Kuna watu wazima hapa ndani ambao walilia, tuliwaona. Tulifungwa moja kwa sifuri, lakini usiku ule hakuna aliyelala na hasira ya mpira. Tulisema: leo dunia imeona vile tunakufa na hakuna mtu anasema. Tangu siku ile kila mtu mu Goma ameweka kwa WhatsApp picha yake na mkono kwa mdomo. Sisi pia tuliweka.

Na leo ni siku nyingine ya mkono. Kila 12 Februari, katika inchi mingi, watu wanapaka mkono rangi nyekundu na kuupiga kwa karatasi, kusema apana kwa wale wanaotia watoto vitani. Tarehe hiyo inatoka kwa mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya watoto katika vita, ulioanza kufanya kazi 12 Februari 2002. Kongo yetu ilikuwa imeisha kuukubali mwaka 2001. Kwa karatasi, sisi hatuchelewaki.

Hotuba ya leo tulikuwa tumeitayarisha zamani. Ilikuwa juu ya M23 na Rwanda, juu ya watoto wanaoshikwa kwa nguvu kule Rutshuru na Masisi, na kila neno lake lilikuwa la kweli. Tuliiweka pembeni. Tutawaambia juu ya nini, na neno hili litawauma, kwa sababu sisi wenyewe lilituuma mbele yenu.

Kuna video moja ilipita mu simu zenu mwezi uliopita. Sekunde arobaini hivi. Kijana amesimama juu ya jiwe, amevaa shati ya askari, mikono ya shati imekunjwa mara tatu juu ni kubwa, kitambaa chekundu kwa kichwa, bunduki kwa bega. Anaimba, anacheka, kisha anapiga lisasi moja juu hewani na bunduki inamsukuma nyuma kidogo, anataka kuanguka, anacheka tena. Chini watu waliandika: "Shujaa!" "Muzalendo wa kweli!" "Kadogo wetu, Mungu akulinde!" Ukurasa wetu, huu huu munaousomaka, uliipitisha pia. Juu yake tuliandika maneno matatu: Damu ya Kongo. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeuliza huyu ana miaka ngapi.

Siku tatu nyuma, mama mmoja alikuja kututafuta. Ni mama anauzishaka sambaza. Hana simu ya kuonyesha picha; jirani ndiye aliyemwonyesha. Akasema: "Hii ni mutoto wangu. Ile mwaka M23 ilingia Goma, nilikimbia naye mu mugongo, alikuwa anaanza kutembea." M23 iliingia Goma Novemba 2012. Muhesabu wenyewe.

Kisha akasema jina, na tukanyamaza, kwa sababu wengi wetu tulimjua. Alikuwa anavutaka maji ku ziwa na bido za njano, bido nne juu ya kinga ya kuazima, anasukuma kupanda mlima mpaka shingo inatoka mishipa. Siku tulitembea kwa kudai maji mu kartie, alitufuata. Alishika upande mmoja wa kitambaa chetu cha maandiko mpaka mwisho. Alituitaka bayaya. Mwaka jana alimaliza masomo ya msingi. Ile ya msingi ni ya bure tangu Septemba 2019, tunajua, na tuliisifu. Lakini kwa sekondari bure inaishia mlangoni. Alikaa nyumbani, Septemba ikapita, Oktoba ikapita. Mu Novemba alipanda kilima pamoja na wakubwa wake, "kulinda".

Tulienda kule, watu watatu pamoja na mama. Hatutasema ni kilima gani wala kikundi gani, na munajua sababu. Komanda hakuwa mtu mbaya. Alitupa viti, alimpa mama maji. Akasema: "Hapa hatuna batoto. Tuko na bazalendo tu." Tukamwambia miaka yake. Akajibu: "Anajua kufungua bunduki yote na kuifunga, macho imefungwa. Mutoto anajuaka vile?" Tuliendelea kusema, tukataja sheria. Hapo akashusha sauti, akauliza kitu kimoja ambacho mpaka leo tunakizungusha kichwani: "Sawa. Nikimurudisha, ni nyinyi mutamulisha?"

Wakamwita. Alikuja mbio. Hakumkumbatia mama, alisimama wima, akapiga saluti. Alikuwa amekonda, na macho yalikuwa mekundu; mutu mwenye alikuwa pembeni alisema ni moshi ya moto. Mama alianza kulia. Yeye alitugeukia sisi na kuuliza: "Yaya, muliona video yangu? Batu ngapi baliipenda?"

Hatukurudi naye.

Hapa ndipo tulianza kujiuliza, na tunawaomba mujiulize pamoja nasi. Mtoto huyu hakushikwa kwa nguvu. Hakuna mtu aliyemfunga kamba. Njaa ilimsukuma, ndiyo, na masomo iliyokosa feza, na hasira, kwa sababu familia ya mama yake ilifukuzwa Masisi na watu wenye bunduki. Lakini kuna kitu kingine kilimvuta, na kitu hicho kilitoka kwetu. Ni makofi. Sisi tulimpigia makofi ambayo hakupata hata siku moja akivuta bido za maji.

Neno kadogo munalijua, na munajua linatoka wapi. Mwaka 1996, vita ya AFDL ilipoanza huku kwetu Kivu, watoto walipanda malori wakiimba. Wengine walitoka masomoni na daftari mkononi. Wazazi wetu walisimama kando ya barabara wakawapigia makofi, kwa sababu Mobutu alikuwa amechosha kila mtu. Tarehe 17 Mei 1997 waliingia Kinshasa na botte za mvua miguuni, wengine bunduki inawashinda urefu, na Kinshasa nzima ilicheka kwa furaha: angalia, bakadogo! Jina tamu. Linakufanya usahau kwamba unaona mtoto mwenye ametembea karibu inchi nzima akiua na akiona wenzake wanakufa. Waulizeni wakubwa wa kartie wako wapi leo. Wale hawakufa 1998 katika vita iliyofuata, utawakuta kwa vilabu vya kasiksi, wana miaka arobaini na kitu, hawana mshahara wala karatasi. Ukikohoa nyuma yao wanaruka. Hakuna aliyewaandikia "shujaa" tena.

Wakati tulirudi kutoka kilimani tulikumbuka video nyingine. Ni ya zamani, na kwa bahati, kama ni bahati, ina tarehe ya leo. 12 Februari 2003, Thomas Lubanga alitembelea kambi ya Rwampara, karibu na Bunia. Kikundi chake kilikuwa na kamera. Alisema mbele ya vijana wake, akawapa moyo, wakapiga makofi. Hakuna aliyemficha mtu. Kwao ilikuwa kitu cha kujivunia, kama ile yetu ya sekunde arobaini. Miaka tisa nyuma, tarehe 14 Machi 2012, waamuzi wa Korti ya Kimataifa ya Jinai kule La Haye walimhukumu Lubanga juu ya kuandika watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani Ituri. Ilikuwa hukumu ya kwanza kabisa ya korti ile. Na moja ya vitu vilivyomfunga ni video ya Rwampara. Waamuzi waliangalia sura za wale watoto na kusema: hawa, hata kwa macho tu, hawajafika miaka 15.

Tulikaa kimya tulipoisoma tena hukumu ile. Video tuliyoipitisha kama sifa ni ushahidi wa kosa. Na juu ya ushahidi ule tuliandika Damu ya Kongo.

Wengine watasema La Haye ni mbali, na Lubanga alipewa miaka 14 tu, akatoka 2020. Ni kweli. Basi tuzungumze juu ya mtu wa karibu. Bosco Ntaganda alikuwa mkubwa katika jeshi lile lile la Lubanga. La Haye ilimtafuta tangu 2006 juu ya watoto wale wale. Serikali yetu ilifanya nini? Mwaka 2009 ilimpokea na kumtambua kama jenerali. Alikaa hapa Goma. Wenye umri wetu munakumbuka gari zake zikipita. Tulikuwa tunajibandika ukutani zipite. Walisema: amani kwanza, haki itakuja nyuma. Mwaka 2012 alitoka jeshini na wenzake, na kile kilichozaliwa siku zile kinaitwa M23. Yeye alihukumiwa miaka 30 mwaka 2019. Lakini kile alichosaidia kuzaa ndicho kinapiga bombe ku Sake leo asubuhi. Kwa hiyo mtu akituambia tuache maneno ya watoto kwanza, tushinde vita, tutaona kisha, sisi tunajibu: njia hiyo tuliisha kuipita, na tunajua inafika wapi.

Tunasikia tayari mtu pale nyuma ananong'ona: hawa wamekuwa watu wa Kigali. Tusikilizane vizuri. M23 ni adui wa watoto wa Kongo. Inashika vijana vijijini, inawapeleka mafunzoni kwa nguvu, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika hayo, pamoja na mkono wa jeshi la Rwanda. Hatukusahau Kishishe, Novemba 2022. Na Wazalendo wenyewe hatuwatukani. Kuna watu wazima kule, wamezika watu wao, wakaamua kusimama wakati jeshi lilikuwa linarudi nyuma. Mtu wa miaka 30 akiamua hivyo, ni mazungumzo mengine, na tutayafanya siku nyingine. Leo tunasema juu ya mwenye miaka 12. Yeye hakuamua kitu, hata akisema aliamua. Mtoto huyu hawezi kisheria kuuzisha bia, hawezi kupiga kura, hawezi kuoa, na sisi tunakubali afe kwa ajili ya mpaka!

Tena mukisikia vizuri vile vita inapiganwa, mutajua ni nani anatangulia. Katika vikundi vyetu vya Mai-Mai, mtoto ndiye anashikaka dawa. Wanasema yeye ni safi, hajajua mwanamke, basi maji ya dawa mkononi mwake haiharibiki. Kwa hiyo anaenda mbele. Tuliona jambo hilo hilo mbali na hapa, kule Kasai mwaka 2016 na 2017, watoto wa Kamuina Nsapu wakienda mbele ya jeshi na vijiti. Hatutaki kubishana hapa juu ya dawa, kila mtu na imani yake. Lakini mtu mzima anayeamini kweli dawa inazuia lisasi, mbona yeye anabaki nyuma?

Sasa sheria, kwa ufupi, kwa sababu munaweza kuisoma wenyewe. Sheria ya ulinzi wa mtoto, ya 10 Januari 2009, inasema mtu akiandika au akitumia mtoto wa chini ya miaka 18 katika jeshi, polisi au kikundi cha silaha, anafungwa miaka 10 mpaka 20. Ni kifungu cha 187. Haikuandikwa pale "isipokuwa kikundi ni rafiki ya serikali". Katiba, kifungu cha 190, inakataza mtu yeyote kuunda jeshi lake au kuwa na vijana wenye silaha. Inaita hiyo usaliti mkubwa. Novemba 2022 Rais aliwaomba vijana waunde vikundi vya kuchunga mitaa yao. Mwaka 2023 ikaja sheria ya Reserve ya jeshi. Sawa. Lakini hakuna sheria iliyokuja kufuta ile ya 2009, na hatujasikia hata mkubwa mmoja akipanda kilimani kuuliza miaka ya wale wanaoitwa wazalendo.

Na wasituambie haiwezekani. Oktoba 2012 serikali ilisaini na Umoja wa Mataifa mpango wa kutoa watoto jeshini. Walianza kuangalia miaka ya vijana kabla ya kuwaandika, walirudisha watoto nyumbani. Mwaka 2017 jeshi letu lilitolewa katika orodha ya wanaoandika watoto. Ilikuwa kazi nzuri, tunasema wazi, hata sisi ambao hatusifuki serikali mara nyingi. Kumbe leo jeshi lile lile linasimama kwa mstari mmoja na vikundi vyenye watoto. Mtoto aliyekataliwa ku mlango wa mbele anaingia kwa dirisha.

Kuna wengine hawaonekani mu video hata moja. Ni mabinti. Tunaposema mtoto askari, kila mtu anaona kijana na bunduki. Lakini yule anayepika kule porini, anayebeba mifuko ya risasi na ya unga, anayetumwa sokoni kuangalia askari wako wangapi, huyo pia ni mtoto aliyechukuliwa na vita, na dunia ilikubali hivyo tangu 2007 katika kanuni za Paris. Binti anafanya hayo yote mchana, na usiku anaitwa bibi ya komanda. Watu wa mashirika wakifika kuomba watoto, komanda anatoa wavulana watano kwa mstari na kusema wameisha. Binti hamtoi. Anasema: huyu ni bibi yangu. Na binti mwenyewe mara mingi anaogopa kuandikwa, kwa sababu jina likiandikwa, kartie itajua. Anakimbia usiku, peke yake, na mimba au na mtoto mgongoni, anafika kwao bila karatasi, kwa hiyo bila msaada. Wazazi wanauliza: baba ya huyu mtoto ni nani? Tumeona binti wa miaka 16 ambaye ndugu zake walikataa ale nao kwa sahani moja. Vita haikumfanyia hilo. Ni sisi, hapa mjini, na tunaendaka kanisani.

Na wavulana pia. Akirudi tunamuita "wa pori". Kitu kikipotea mu kartie, ni yeye. Anatiwa darasani pamoja na watoto wa miaka tisa, magoti yanagonga meza, mwalimu anamuogopa. Au anapewa kazi ya mkono, miezi sita ya kushona au ya menuizeri, anapewa valisi ya vyombo, na feza ya mradi inaisha, na ile valisi anaiuzisha ili ale. Serikali iliunda programu yake ya kupokea wanaotoka porini, P-DDRCS, mwaka 2021. Tulienda kuuliza mara mbili. Mara mbili tulipewa viti na karatasi. Wakati huo komanda wake wa zamani anampigia simu: rudi, hapa unakula. Ndiyo maana swali la komanda wetu, "ni nyinyi mutamulisha?", lilituuma. Alijua jibu.

Basi tumefanya nini? Kidogo, na tunasema kidogo. Ile video tuliitoa kwa ukurasa wetu. Hatukuitupa, nakala moja tuliitia mahali salama, pamoja na tarehe ilipofika kwetu, kwa sababu ya Rwampara. Tunawaomba nyinyi wote mwenye kuwa nayo aache kuipitisha, na asiandike jina la mtoto fasi yoyote. Kama unaona nyingine kama ile, usiisambaze, usiweke moyo, usiandike shujaa. Ulete kwa mtu mmoja wetu, uso kwa uso, na tutaipeleka kwa watu wa ulinzi wa mtoto wa MONUSCO na Unicef. Usiende kilimani peke yako kudai mtoto. Sisi tulienda na tuliona baadaye ilikuwa ujinga. Ingeweza kumletea yeye shida.

Kwa serikali ya mkoa, na hapa tunasema kwa jeshi kwa sababu tuko chini ya hali ya dharura tangu Mei 2021: mupeleke amri ya maandishi kwa kila kikundi munachopatia chakula na risasi, kwamba mtoto wa chini ya miaka 18 atolewe na kupewa watu wa ulinzi wa mtoto, na kikundi kitakachokataa kikatiwe. Munajua namba zao za simu, munaongea nao kila siku. Tutaleta barua hii alhamisi asubuhi. Yule anataka kutembea nasi akuje bila kelele na bila kitambaa cha maandiko, tutakuwa watu wachache kwa makusudi.

Tumeanza pia jambo lingine dogo. Minervali ya mwaka wa kwanza wa sekondari kwa watoto kumi na mmoja wa kartie hii ambao walimaliza msingi na wakabaki nyumbani. Kumi na mmoja tu, tumewahesabu nyumba kwa nyumba. Walimu wawili wamekubali kuwapokea hata mwaka ukiwa katikati. Dafutari ya michango iko pale mlangoni, kila anayetoa ataandika jina na kiasi, na kila mwisho wa mwezi tutaisoma mbele ya wote. Falanga mia tano inatosha. Jina la kumi na mbili tumeliandika pia na masomo inalijua, nafasi yake inachungwa.

Mama yake tulimwalika aje leo. Alisema hawezi. Asubuhi ni sambaza, na jioni, tangu vita ilipofika Sake, anaendaka kusimama ku mlango wa hospitali wanakopokea majeruhi, anaangalia kila gari inayoingia. Anasema ataondoka pale siku gari zitaisha. Kama kuna mtu anaishi upande ule, apite kumwona, ampelekee chai. Atamtambua, ni yule ana beseni.

Rangi nyekundu iko kwa meza, na karatasi. Ni rangi ya maji, inatoka na sabuni, ba mama musiogope nguo. Sasa tuko tayari kwa maulizo. Papa pale karibu na dirisha aliinua mkono tangu mwanzo, tulimuona, tunaona hata amekasirika. Papa, anza wewe.